Mizizi ya Mama na Kalamu ya Daktari

Fomu ya kwanza ya maana niliyoijaza maishani mwangu niliijazia uwongo.

Mimi nimesoma gumbaru. Mchana nilikaanga viazi karai kando ya barabara ya Msambweni, na jioni, vidole bado vinanukia bizari na mafuta, nilikwenda kukaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakinigonga kidevuni, nikafundishwa kusoma na kuandika pamoja na wazee wa kunizaa. Mtihani wa darasa la nane niliufanya nikiwa na miaka thelathini na tisa. Nikapasi. Mji mzima ulijua kwamba nimepasi. Nadhani hata samaki wa Diani walijua, maana kile cheti nilikitembeza mpaka pembe zake zikalegea kama masikio ya mbuzi. Mwisho mama alininyang'anya, akakitia ndani ya mfuko wa nailoni na kukitundika ukutani juu ya kitanda chake, pale ambapo watu wengine hutundika picha ya Makka.

"Huyu ndiye msomi wangu," alikuwa akiwaambia wagonjwa wake. "Amechelewa, lakini msomi."

Wagonjwa, ndiyo. Mama yangu alikuwa mtu wa miti. Mganga hakupenda kuitwa. Hakupunga pepo, hakupiga ramli, wala hakuna kuku aliyewahi kumkimbia. Alijua mizizi na magome, basi, kama alivyofundishwa na mama yake huko kwao upande wa Kinango. Watoto wenye tumbo walikuja, na kina mama wa Matuga wenye migongo, na vijana wa hoteli za Diani waliokuja na sare zao za kazi wakificha beji mfukoni kana kwamba mimi sijui kusoma. Kuna siku foleni ilianzia kizingitini kwetu ikaishia Tanga. Haya, ilifika kwenye mpapai. Lakini mpapai uko mbali.

Alikuwa na desturi moja ambayo lazima niitaje hapa. Akiona maradhi yamemshinda, hakumwambia mgonjwa, wala jamaa zake hakuwaeleza kirefu. Alinawa mikono, akamwita mmoja wao uani, akamwambia, "Mpeni anachotaka." Maneno ni hayo tu, na hapokei tena kitu kutoka kwao. Nilipokuwa mdogo jirani yetu mmoja alimleta mumewe, akaambiwa hivyo. Mume alitaka pweza wa nazi. Akapikiwa pweza siku tisa mfululizo, na siku ya kumi tukasikia vilio. Mimi kwa akili zangu za kitoto nikaamini kwa miaka mingi kwamba pweza ni sumu.

Desturi ya pili ni ya dawa yenyewe. Mti hautajwi. Anayekwenda kuchimba mzizi hasemi na mtu wala haitikii salamu mpaka aufikishe nyumbani, na aliyepewa dawa haendi kuisimulia kwa mwingine, kwa sababu dawa ikitajwa hulala, na ikilala haiamki. Sasa fikiria mimi, ambaye mdomo wangu hauna mlango, nikitumwa kuchimba! Mama alipata ufumbuzi tangu nikiwa na miaka saba. Alinijaza maji mdomoni, funda zima, mashavu yakavimba kama ya mpiga zumari, akaniambia, "Urudi nayo yote." Watu wa kwetu wakiona mtu ana jembe na mashavu yamefura, hawamsalimu. Watoto tu ndio waliokuwa wakinifuata kunichekesha ili niyamwage.

Basi huyu mama, aliyeponya nusu ya pwani ya kusini na robo ya Tanganyika, akapata uvimbe kwenye titi, akanificha.

Alijitibu mwenyewe karibu mwaka mzima, akifunga majani chini ya kanga. Niliuona siku alipoumwa na mkono, nikawa namwogesha. Kwa kawaida yangu ningewaambia ulikuwa mkubwa kama nazi. Ulikuwa kama limau. Sikuwa na haja ya kuongeza kitu.

"Tangu lini, mama?"

"Nipitishie maji mgongoni."

"Mama, tangu lini?"

"Mgongoni, nimesema. Mbona unanisugua mahali pamoja kama sufuria lako la viazi?"

Nilimpeleka hospitali kwa nguvu na kwa machozi. Kinyama kilikatwa, kikapelekwa kupimwa, na majibu yaliporudi tukakutana na daktari. Alikuwa mwanamke kijana wa bara, mrefu, Kiswahili chake kinakimbia kana kwamba kina basi la kuwahi. Lakini alimpa mama shikamoo yake vizuri, akavuta kiti akakaa usawa wa magoti yake, akataja saratani kwa jina. Mama akaitikia "marahaba" ile ya mwanzo ambayo alikuwa hajaimaliza. Akapangiwa kemo, mara sita, kila baada ya wiki tatu.

Nesi akatuletea fomu. "Nani atajaza?"

"Mimi," nikasema, nikatoa kalamu yangu mwenyewe kwenye mkoba. Kalamu ya gumbaru, sikuwahi kutoka nyumbani bila hiyo. Nikaandika jina la mama, kijiji, umri wa kukisia, na herufi zangu zilikaa kwenye mistari kama ndege kwenye waya. Mama alikuwa akinitazama mkono, si karatasi. Nikafika kwenye swali: mgonjwa anatumia dawa nyingine yoyote, zikiwemo za mitishamba? Ndiyo au hapana.

Nikamsomea kwa sauti ya chini. Kila asubuhi alikuwa akinywa kikombe kimoja cha mizizi ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikiichimba.

"Andika la."

"Mama, hapa ni hospitali."

"Ikitajwa hulala. Nimeanza nayo, siiui katikati. Andika la, msomi wangu."

Nikatia tiki kwenye hapana. Ilikuwa tiki nzuri, wallahi, mwalimu wangu angeisifu.

Kemo ya kwanza ilimtapisha siku tatu, na ya pili ikamwondoa nywele. Mama akasema amepunguziwa kazi ya kusuka. Na kila asubuhi, kabla ya chai, kikombe chake cha mizizi. Mti wenyewe ni wa nchi kavu, wa kwao Kinango. Lakini kuna mmoja uliopotea njia ukaja kuota huku kwetu, nyuma ya mashamba ya mikorosho, mwendo wa nusu saa. Huo ndio niliouchimba. Alikuwa akiuchanganya na mingine miwili aliyoikausha zamani, hiyo sikuijua wala sikuuliza. Nilikuwa nikienda kila Ijumaa, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, maji mdomoni.

Kabla ya kemo ya tatu walimpima damu. Daktari akatuita.

"Mama, hii ini yako imekasirika. Leo hatuwezi kukuwekea dawa. Mrudi wiki mbili zijazo." Akanigeukia. "Kuna kitu kingine anakunywa? Dawa za duka? Miti?"

"Ah, daktari! Huyu hata panadoli humeza nusu. Chai na Qur'ani tu."

Wiki mbili zikapita, tukarudi, ini bado limekasirika, pengine zaidi. Akauliza tena, nikaapa tena, safari hii nikaongeza na maziwa ya ngamia ambayo hatujawahi kuyaonja, ili chakula chake kionekane kizuri. Tukarudi nyumbani bila kemo. Wiki nyingine mbili. Wiki nyingine mbili tena. Usiku nikiukanda unga najihesabia: hizi ni wiki sita ugonjwa unakula, na dawa haimo. Lakini nikisema, mizizi italala, na ikiwa ni mizizi ndiyo inayomshikilia? Nani angeniambia? Wa kuuliza walikuwa wawili tu, mama na daktari, na kila mmoja nilikuwa nimemfungia mlango wa mwenzake.

Mara ya nne daktari aliiangalia karatasi ya damu muda mrefu. "Nataka tupige picha ya ini," akasema. "Naanza kuogopa kwamba ugonjwa umefika huko. Kama umefika huko, mambo yatabadilika. Hata hii kemo nitaifikiria upya."

Nikamtazama mama. Alikuwa akitazama dirishani kama mtu anayengoja tuktuk.

"Daktari," nikasema, "anakunywa mizizi."

Mama hakugeuka. "Umeiua," akasema, wala hakupaza sauti. Bora angenipiga.

Nilingoja daktari afoke. Nilikwisha kuandaa mpaka magoti ya kuombea msamaha. Akaiweka kalamu yake mezani, akalivuta faili, akaifunua ile fomu.

"Hii ulijaza wewe?"

"Naam."

"Mwandiko mzuri."

Naapa sijawahi kutukanwa vibaya kuliko hivyo, na najua hakuwa akinitukana.

Akasogeza kiti chake mpaka kwa mama, magoti kwa magoti kama siku ile ya kwanza. "Mama, ni miti gani?"

"Haitajwi."

"Sawa. Basi nikuulize kitu kingine, maana nasikia wewe pia una wagonjwa. Akija mtu kwako, na ameshakunywa dawa ya mwingine, unafanya nini?"

Mama akageuka pole pole kutoka dirishani. Nadhani hakuna mtu wa koti jeupe aliyewahi kumuuliza swali la kazi.

"Simpi kitu," akasema. "Namwambia akae siku saba. Ya mwenzangu itoke kwanza. Nikichanganya, nitajuaje ipi imemponya na ipi imemdhuru?"

"Mimi naomba hivyo hivyo. Mwezi mmoja. Ya mwenzangu itoke kwanza."

Mama akamtazama. Halafu, mambo ya mama yangu, akacheka mpaka kile kichwa chake kisicho na nywele kikatikisika ndani ya mtandio. "Mtoto huyu amenifunga kwa kamba yangu mwenyewe! Nani kamzaa?"

"Mwalimu wa shule," daktari akasema.

"Ndiyo maana."

Lakini daktari hakuishia hapo. Akasema, "Sina haja ya kukulazimisha, ila nikijua kilichomo ndani, nitajua nitarajie nini kwenye damu yako. Sitakucheka na sitakwenda kumtangazia mtu."

"Anayetaka kuujua mti hutoa kilemba," mama akasema.

Daktari akanitazama mimi. Nikamweleza kwamba kilemba ni ada ya mwanafunzi kwa fundi wake. Na kwa mama haikuwa pesa, ni kitu kimoja cha kazi ya huyo anayefundishwa, kitu ambacho mkono wake umekizoea. Daktari akashika ile mipira ya kusikilizia vifua iliyokuwa shingoni mwake. "Hii nitaihitaji kesho," akasema, nasi tukacheka wote watatu, mimi huku kamasi zinanitoka. Akaichukua kalamu yake pale mezani, akampa mama kwa mikono miwili. Mama akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Wewe, msomi, kasimame mlangoni."

Nikasimama mlangoni na kujifanya nasoma tangazo la kunawa mikono. Mama akamwinamia daktari, akaweka kiganja kati ya mdomo wake na sikio la daktari, akanong'ona. Akanong'ona kwa muda. Nakumbuka nilijiuliza: miti mitatu, maneno yote hayo? Daktari alitikisa kichwa kukubali mara moja, kisha akamtazama mama usoni, kisha akakubali tena.

Aliporudi mezani kuandika hakuwa na kalamu. Nikamwazima yangu.

Mama hakusema nami njia nzima siku hiyo. Wala kesho yake. Siku ya tatu aliniita, akanionyesha kile kikombe kimefunikwa kifudifudi juu ya rafu. "Basi na ilale," akasema. "Tuone mwenzangu." Na baada ya mwezi, jamani, ini likapoa! Picha ilipopigwa likaonekana safi. Kemo ya tatu ikaingia, na ya nne, na ya tano, na ya sita. Limau likawa kunazi. Siku ya kemo ya mwisho nilikaanga gunia zima la viazi nikagawa bure, watu wakala mpaka Lungalunga. Lilikuwa karai moja. Lakini lilijaa.

Nywele zilirudi nyeupe na laini, kama za kifaranga. Alipenda nizishike.

Halafu miezi minne baadaye akaanza kikohozi. Kisha mgongo, akawa halali chali. Nikasema ni mto, nikanunua mto mwingine. Nikasema ni kazi ya kuinamia jungu, nikalihamisha jungu. Picha zikapigwa. Tukaitwa siku ya Jumanne, na daktari hakuwa na faili mkononi.

Alimpa shikamoo mama. Akashusha pumzi. Akaongea pole pole kabisa, Kiswahili chake siku hiyo hakikuwa na basi la kuwahi. "Mama, kemo hatutairudia tena. Nitakupa dawa ya maumivu, ya maji, na nitakuonyesha jinsi ya kuipima. Usivumilie maumivu. Ukiumwa, unywe."

"Na mizizi yangu?" mama akauliza.

"Kunywa, mama. Ukiitaka, kunywa." Akanigeukia mimi, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akasema, "Mpeni anachotaka."

Mama akalitengeneza pindo la kanga yake. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Umesema vizuri."

Maneno yale niliyasikia tangu nikiwa sijaota meno ya mbele, yakasemwa uani kwetu nisijue mara ngapi. Niliyasikia pale, kwa masikio yangu mawili, na unajua nilichosikia? Nilisikia ushindi. Nilisikia hospitali nzima, na mashine zake, imekunja mkia mbele ya mizizi ya mama yangu. Kemo hairudiwi! Mizizi imeruhusiwa! Nilitoka pale kama bibi harusi. Kwenye tuktuk nilimsimulia dereva tangu kituo cha kwanza mpaka nyumbani, jinsi daktari mkubwa alivyomkabidhi mama mgonjwa wake, yaani mama mwenyewe. Nikaigiza sauti ya daktari, nikaigiza ini lililokasirika, nikaigiza mashine ya picha inavyoomba radhi. Mama alicheka. Alikuwa amejishika mgongo kwa mkono mmoja na mkono mwingine ameniwekea gotini, anacheka mpaka kikohozi kikamkatiza, kisha anacheka tena. Watu wangedhani tunatoka harusini.

Jioni nikawatangazia wateja wangu. "Daktari mwenyewe kasema! Mpeni anachotaka!"

Mzee mmoja aliyekuwa na sahani mkononi akaacha kutafuna. "Alhamdulillahi," akasema, kidogo sana, akaiweka sahani na viazi viwili ndani yake, akaondoka. Mwanamke mwingine akanishika bega. Nikaona wameshangaa. Na kwa nini wasishangae?

Ijumaa nikatwaa jembe. Mama alikuwa amekaa kitandani chini ya cheti changu. Akanijaza maji mdomoni mwenyewe, kama zamani, lakini safari hii nusu ya kata ikamwagikia kidevuni mwangu. "Urudi nayo yote," akasema. Akanitazama sana. Nikaondoka mbio.

Nilichimba mzizi mzuri, mnene, nikaufunga kwenye kitambaa. Nikarudi kwa njia ya mikorosho. Pale njia inapoingia vijijini alikuwa amekaa yule jirani wetu wa zamani, yule wa pweza wa nazi, sasa ajuza, anasuka makuti. Akaona jembe, akaona mashavu yangu. Hakunisalimu, anaijua desturi. Lakini nilipompita akaniita kwa jina langu la utotoni.

"Usijibu," akasema. "Simama tu."

Nikasimama.

"Nimesikia daktari amesema mpeni anachotaka." Mikono yake haikuacha kusuka. "Mimi niliambiwa hivyo na mama yako. Nikaenda nyumbani nikicheka, nikasema kumbe ni pweza tu! Pole, mwanangu."

Sijui nilisimama pale muda gani. Najua maji yalikuwa mdomoni. Sikuweza kuuliza, sikuweza kubisha, sikuweza kumwambia nyamaza bibi kizee wewe. Kilio kilipanda kikakuta mlango umefungwa, kikatokea puani na machoni, na mimi nimekaza midomo, nimekaza kwa nguvu zangu zote, maana nikiyamwaga mzizi utalala. Nikatembea. Hiyo ndiyo njia ndefu kuliko zote nilizowahi kutembea, na hapa siongezi.

Mama alikuwa palepale kitandani. Nikauweka mzizi miguuni pake. Akanitazama usoni, akajua.

"Tema," akasema.

Nikakataa kwa kichwa. Nilijua nikiyatema nitasema, na nikisema litakuwa kweli.

Akaleta kiganja chake chini ya kidevu changu, kama anavyofanyiwa mtoto mdogo aliyetia kitu kibaya mdomoni. "Tema, mwanangu. Basi. Tema."

Nikayatema kiganjani mwake. Yalikuwa ya moto. Akayafuta kwenye kanga yake, akanivuta kichwa mpaka mapajani, akaniacha nilie mpaka mwadhini akaadhini, akamaliza.

"Sasa uniulize," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Nataka nini."

Nikashindwa, akanigonga utosini kwa kidole. "Unataka nini, mama?"

"Viazi karai. Vya ukwaju. Na pilipili usinionee huruma."

Mzizi ulikaa pale ulipowekwa. Hakuunywa. Aliishi siku kumi na sita, na kila siku nilimkaangia viazi vinne, akala kimoja, baadaye nusu, baadaye akawa analamba ukwaju tu kwenye kidole changu. Siku ya mwisho aliyokula alisema chumvi imezidi. Haikuzidi. Nilikwenda kukaanga vingine.

Baada ya arobaini nilirudi hospitali na chupa ya dawa ya maumivu iliyobaki, na ile kalamu, ambayo niliikuta bado imefungwa kwenye pindo la kanga yake. Daktari akaipokea chupa. Kalamu akaisukuma kurudi kwangu, akasema kilemba hakirudi.

Nikamuuliza nililokwenda kumuuliza. "Zile wiki sita. Nilipokuwa nikiapa. Je, ndizo?"

"Sijui," akasema. "Pengine. Pengine isingekuwa tofauti. Nikikuambia najua, nitakuwa nimejaza fomu yako vile ulivyojaza yangu."

Nikashukuru. Hata leo nashukuru, ingawa sijapumzika.

Nilikuwa nimefika mlangoni, kando ya lile tangazo la kunawa mikono, aliponiita. "Siku ile," akasema, "hakuninong'onezea miti peke yake."

Nikageuka.

"Alisema, siku saratani itakaponishinda, nisikueleze wewe kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Niseme tu, mpeni anachotaka, na yeye mwenyewe atasikia. Alisema, 'Huyu wangu hucheka. Usimkatize. Mwache acheke mpaka afike mwenyewe.'"

Nikashika fremu ya mlango. Nikamwambia kwamba siku ile nilicheka kweli, tangu pale getini mpaka nyumbani.

"Na yeye?" akauliza daktari.

"Alikuwa kando yangu," nikamwambia. "Alicheka kuliko mimi."